Kabla Hujalipia Kiwanja Kigoma, Pima Kwanza Usafiri wa Asubuhi

Mtu anayetafuta kiwanja Kigoma huuliza bei, maji na umeme. Usafiri anaukumbuka akishahamia, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yuko kando ya lami na mtoto wa shule, na gari la tatu linapita limejaa hadi mlangoni. Kazi yangu ni kutafutia watu viwanja na nyumba ndani ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji na pembezoni mwake. Mteja simpeleki kiwanjani kwanza, tunaanzia kituoni.

Hatua ya 1: Jua gari linajazia wapi na watu wanashukia wapi

Njia kubwa za mji huu ni chache. Ipo ya Ujiji, inayopanda Mwanga kisha kuteremka na Lumumba hadi mjini, stesheni na bandarini. Ipo ya barabara ya Kasulu, kutoka Mwandiga kupitia Masanga na Gungu. Halafu yako matawi: Kibirizi, Bangwe, Katonga. Safari nyingi zinapita Mwanga au zinaishia hapo.

Sasa, konda hatoi gari kijiweni mpaka lijae. Anayeishi mwanzo wa njia anapata kiti hata kama yuko mbali zaidi na mji. Anayeishi katikati, tuseme Katubuka au Buzebazeba, anasubiri mtu ashuke ndipo yeye apande, na asubuhi abiria wa Ujiji wengi hawashuki kabla ya Mwanga. Kwa hiyo mtu wa Ujiji kabisa anaweza kufika kazini kabla ya mtu aliyenunua katikati ya njia kwa bei kubwa zaidi. Wateja hunitazama kama namtafutia mwenye kiwanja cha Ujiji soko. Nawaambia waende wakaone.

Dar jambo hili walishalizoea. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, abiria wa vituo vya kati walianza kugeuza nayo: unapanda basi linalorudi Kimara ili uwe ndani tayari litakapoanza safari ya mjini. Popote utakapoona watu wanavuka barabara asubuhi kupanda gari linaloelekea kusikokuwa kwao, jua kituo hicho hakina nafasi, na wakazi wake wanalipa nauli mara mbili.

Hatua ya 2: Simama kituoni uhesabu

Chagua kituo kilicho karibu zaidi na kiwanja unachokitaka. Nenda siku ya kazi, shule zikiwa zimefunguliwa, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu. Andika kwenye simu mambo manne: gari limepita saa ngapi, limesimama au halikusimama, wamepanda wangapi, wamebaki wangapi. Bajaji ziandike pembeni.

Waangalie sana wanafunzi. Nauli yao ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na konda mwenye nafasi mbili anajua amfungulie nani mlango. Kama una watoto watakaosoma mbali na nyumbani, idadi ya wanafunzi wanaoachwa ni muhimu kuliko ya watu wazima wanaoachwa.

Usitafute wastani. Magari kumi kwa saa moja si gari moja kila dakika sita. Lililochelewa kidogo linakuta watu wengi zaidi, linakawia kupakia, linazidi kuchelewa, na la nyuma linakuta kituo kitupu hivyo linalisogelea. Mwisho yanafika mawili pamoja, la mbele watu wananing'inia na la nyuma lina viti. Tafuta pengo refu kuliko yote kwenye orodha yako. Hilo ndilo litakalokuchelewesha kazini. Na ukigundua magari ya njia hiyo yana tabia ya kufuatana, umepata dawa bure: liache la kwanza.

Kuna mtego mmoja wa hapa kwetu. Anayetaka kiwanja upande wa Kibirizi au Katonga asihesabu siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu mialo, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, inapoa, na wachuuzi wenye ndoo na matenga hawapo barabarani. Utadhani njia ni nyeupe. Hali ni hiyohiyo ziwa linapofungwa kupumzisha samaki, kama lilivyofungwa katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024. Hesabu wakati wa giza, wavuvi wakiwa kazini.

Hatua ya 3: Rudi jioni

Jioni kazi ni fupi: kuanzia saa kumi na moja hadi usiku kuingia, panda gari kutoka unakofanyia kazi hadi kituo chako. Muulize konda gari la mwisho ni saa ngapi. Ukishashuka, tazama kama kuna taa na kama kuna watu.

Hatua ya 4: Tembea kutoka kituoni hadi kiwanjani

Dalali akikwambia "dakika tano tu", muulize kama ni za miguu au za bodaboda. Kigoma ni mji wa milima. Mita mia nne za kuteremka asubuhi ni mita mia nne za kupanda jioni ukiwa na mfuko wa unga. Kama unaweza, nenda masika. Njia ya udongo mwekundu iliyokuwa safi mwezi wa saba huenda ikawa mfereji ifikapo Machi, na bodaboda wanaokubali kuingia hupandisha bei. Waulize wao bei ya mchana, ya usiku na ya mvua. Usimuulize mwenye kiwanja.

Hatua ya 5: Ingiza nauli kwenye bei ya kiwanja

Huu ni mfano tu, weka namba zako. Kiwanja A kiko karibu na kituo, nauli ni shilingi 600. Kiwanja B ni cha bei nafuu lakini kinahitaji nauli hiyohiyo pamoja na bodaboda ya 1,000. Kwenda na kurudi, siku 26 za mwezi, A ni 31,200 na B ni 83,200. Tofauti ni 52,000 kwa mwezi, 624,000 kwa mwaka, na hapo ni mtu mmoja. Mkiwa wawili mnaotoka kila siku, zidisha. Kama B kina nafuu ya milioni mbili, ndani ya miaka miwili watu wawili mmeshairudisha yote kwa bodaboda.

Hatua ya 6: Ahadi usizilipie

Siku hizi kila kiwanja "SGR inapita jirani". SGR ndiyo reli mpya ya kisasa. Mkataba wa kipande chake cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, hilo ni kweli. Lakini hiyo ni reli ya safari ndefu na mizigo, haitakupeleka Mwanga sokoni. Na kiwanja kilicho jirani mno na reli kinaweza kuwa ndani ya hifadhi yake, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya reli. Stendi inayokuja, lami inayokuja: sikiliza, shukuru, lipa bei ya leo.

Hatua ya 7: Ukaribu usikuponze

Kiwanja kinachogusa barabara kuu kinavutia kwa usafiri, ila hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Chukua futi kamba upime. Ziwani nako, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, na waliojenga karibu na maji waliona Tanganyika ilivyopanda miaka hii ya 2020. Kisha nenda ofisi ya ardhi ya manispaa, au ya halmashauri kama kiwanja kiko Mwandiga, uulize kama eneo limepimwa na ramani inasema nini. Kama kina hati, omba upekuzi rasmi. Muuzaji mwenye ndoa aje na mwenzake asaini.

Mkifika kwa mwenyekiti wa mtaa kuandikishana, msiandike ukubwa wa kiwanja peke yake. Andikeni na njia ya kutokea barabarani: inapita wapi, ina upana wa mita ngapi, na majirani wanaopakana nayo wasaini kama mashahidi. Nimeona njia ya gari ikigeuka uchochoro wa mtu mmoja baada ya jirani kujenga ukuta.