Kuoka mwanga kwenye kitu kinachotembea: somo la mkokoteni

Mchezo wangu una kichochoro kimoja cha Mji wa Kale, Mombasa, na mkokoteni unaosukumwa na hamali kutoka juani hadi kivulini mwa nyumba za ghorofa. Nautengeneza kwa Unity, programu ya kuundia michezo, na wachezaji ninaowalenga wana simu za bei ya chini, zile zinazochemka mkononi ukiwasha taa mbili tu. Kwa hiyo mwanga wote nauoka: kompyuta inaupigia hesabu mara moja, inauchora kwenye ramani ya mwanga, na simu inabaki na kazi ya kuonyesha picha.

Mara ya kwanza niliuoka na mkokoteni pia, ukiwa umesimama juani. Mdogo wangu akaujaribu, akausukuma hadi kivulini, akacheka: "Dada, mkokoteni wako umemeza jua?" Ulikuwa unang'aa gizani kama sinia jipya, na kivuli chake kimebaki nyuma barabarani, kimelala peke yake.

Nilikuwa nimechanganya vitu viwili. Kuna weusi ulio wa mkokoteni wenyewe: kwenye maungio ya mbao, chini ya kitako, ndani ya kitovu cha gurudumu. Huo unasafiri nao popote. Halafu kuna mwanga ulio wa mahali: jua, na weupe wa chokaa unaorudi kutoka ukutani. Weusi uoke kwenye mkokoteni. Mwanga uache kichochoroni.

Anza na weusi, ndani ya Blender, programu ya kuchongea maumbo ya 3D. Chagua Cycles (injini yake inayopigia mwanga hesabu), tandaza UV, yaani ngozi ya umbo iliyolazwa bapa juu ya picha, bila vipande kulaliana, tengeneza picha tupu ya 512 kwa 512 (iwe "Non-Color", yaani isomwe kama namba, si rangi), iweke kwenye nodi ya picha, kile kisanduku cha picha kwenye materiali (maelezo ya sura ya uso wa kitu), na uhakikishe nodi hiyo ndiyo iliyochaguliwa, kisha oka kwa aina ya "Ambient Occlusion", yaani weusi wa kwenye kona na mianya. Ardhi ifiche kwanza, la sivyo mkokoteni utabeba giza la sakafu hata ukiinuliwa juu.

Magurudumu ndiyo yaliyonitoa jasho. Nikioka gurudumu likiwa chini ya kitako, sehemu yake ya juu inapata weusi, na likianza kuzunguka ule weusi unazunguka nalo kama doa la grisi. Dawa ni kuoka kila kinachozunguka kikiwa peke yake, na kingine chote kimefichwa. Na kama magurudumu mawili yanatumia UV moja, oka moja tu, ulinakili baadaye.

Ukiileta ile picha Unity, ondoa tiki ya sRGB (ili hapa pia isomwe kama namba, si rangi) na uiweke kwenye nafasi ya "Occlusion" ya materiali.

Sasa mwanga wa mahali. Ondoa alama ya "Contribute GI", inayokiingiza kitu kwenye hesabu ya kuoka, kwenye mkokoteni. Kuta na sakafu ziachie. Kisha ongeza "Light Probe Group". Hizi ni nukta unazozitawanya hewani, na wakati wa kuoka kila moja inahifadhi mwanga unaoifikia kutoka pande zote, kwa namba 27. Mkokoteni ukipita, injini inatafuta nukta nne zinazouzunguka na kuchanganya mwanga wake. Kwa simu hiyo ni kazi ndogo sana.

Usizipange kama shanga zilizolingana. Katikati ya barabara iliyonyooka ziache chache. Pale jua linapokatika na kivuli kuanza, ziweke karibu karibu, upande huu na upande huu. Ziwe tabaka mbili, moja usawa wa magoti na nyingine juu ya kichwa, kwa sababu nukta nne zikiwa bapa haziwezi kuzunguka kitu. Na nukta iliyozama ndani ya ukuta inahifadhi giza. Ukiona hamali anageuka mweusi ghafla akipita karibu na mlango, itafute hiyo.

Kuna kasoro moja niliyoamua kuishi nayo. Kila umbo linapimwa mara moja tu, katikati yake. Boriti ndefu nilizopakia zilipata rangi ya kivulini wakati hamali aliye nyuma yake bado yuko juani, ikawa kama wamebandikwa kutoka picha mbili. Niliunda kitu kitupu katikati ya mkokoteni, nikakiweka kwenye "Anchor Override" ya boriti, kitako, magurudumu na hamali. Sasa wote wanabadilika pamoja. Unity 6 ina njia mpya inayopima kwa kila pikseli, lakini kwa simu zangu sijathubutu.

Kilichobaki ni kivuli cha chini. Taa iliyookwa kabisa haiangushi kivuli cha kitu kinachotembea, kwa hiyo mkokoteni utaonekana unaelea. Weka bapa chini yake lenye picha ya doa jeusi lililofifia kingoni, liinue sentimita moja juu ya sakafu lisipepese, na ulipunguze weusi mkokoteni ukiingia kivulini.