SOMO: Kutuliza joto la prosesa ukiwa unakesha na Stockfish

Habari zenu wakuu. Mimi nacheza chesi ya mawasiliano ICCF (shirikisho la kimataifa la chesi hiyo), kule injini, yaani programu za kuchambua chesi kama Stockfish, zinaruhusiwa, kwahiyo laptopu yangu inakesha ikichambua nafasi moja tu, na kwa joto la Dar la mwezi wa pili nimeshaona mengi. Injini sio kama kuangalia muvi, inakamua kila kori asilimia mia masaa yote, na tangu Stockfish 12 ya mwaka 2020 ilipoingiza NNUE (mtandao wa neva unaopima nafasi) zile hesabu za AVX2 (amri za prosesa za kukokotoa namba nyingi kwa mpigo) zinachemsha prosesa kuliko programu nyingi mnazotumia kila siku.

Hatua ya 1, pima kwanza. Windows weka HWiNFO au Core Temp, Linux weka lm-sensors halafu andika sensors. Prosesa nyingi za Intel kikomo chake ni nyuzi 100 hivi, Ryzen nyingi 95, ikigusa hapo inajipunguzia spidi yenyewe ili isiungue. Washa injini uiache dakika 20 huku unaangalia nps (idadi ya nafasi injini inazochambua kwa sekunde). Yangu ilikuwa inaanza milioni 4 na kitu, dakika kumi tu imeshuka milioni 2 na nusu, joto nyuzi 97, feni inalia kama mashine ya kusaga. Yaani joto lote nalibeba na kasi siipati!

Hatua ya 2, punguza Threads kwenye mipangilio ya injini, yaani idadi ya thredi (mikondo ya kazi ya prosesa) inazotumia. Kama una kori 4 zenye thredi 8 usiweke 8, weka 4 au hata 3, mashine ipumue. Hash nayo (kumbukumbu ambayo injini inatunzia ilichochambua), RAM ya GB 8 weka MB 2048 basi, ukijaza sana Windows inaanza kuhamishia mambo kwenye diski na kila kitu kinakuwa kizito.

Hatua ya 3, zima turbo. Hii ndio iliyonisaidia kuliko zote na ni bure. Turbo ni prosesa kujipandishia spidi yenyewe. Kwenye Windows ingia Power Options, tafuta Maximum processor state, toa 100 weka 99. Laptopu nyingi za Intel hapo turbo inazimika. Yangu ilishuka mpaka nyuzi 78 na nps ikatulia milioni 3 usiku kucha, kwahiyo hadi asubuhi nimechambua zaidi kuliko nilivyokuwa nakimbiza.

Hatua ya 4, vumbi. Nilipofungua ya kwangu kati ya feni na zile bati nyembamba za kupozea kulikuwa na blanketi la vumbi kabisa, limeshikana ukilivuta linatoka zima. Ukipuliza shikilia feni kwa kijiti cha meno isizunguke, itaharibika. Pesti ya prosesa (ile ya kupitisha joto kwenda kwenye kipozeo) ikiwa imekauka kama chaki badilisha, weka tone dogo tu katikati. Nyuma ya laptopu nimeweka vizibo viwili vya soda hewa ipite, na kitandani msiweke jamani, godoro linaziba matundu.

Hatua ya 5, hakikisha mashine haikosei hesabu. Hapa wengi wanaruka na mimi naona ndio penyewe. Fungua Stockfish peke yake bila ubao, andika bench (jaribio lililomo ndani ya injini), bonyeza enta. Mwisho italeta Nodes searched na namba, yaani nafasi ngapi imechambua. Kwa thredi moja namba hiyo lazima iwe ileile kila ukirudia kwa toleo hilohilo. Sasa mashine ikishapata moto fungua madirisha manne kwa pamoja, kila moja andika bench 64 1 20 (Hash MB 64, thredi 1, kina cha 20), subiri, linganisha. Namba moja ikitofautiana basi prosesa au RAM inakosea, na uchambuzi wa usiku mzima huwezi kuuamini hata kama mashine haijazima.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu desktopu yangu inacheza magemu mazito haina shida, nikiwasha injini inaleta skrini ya bluu, kwanini?
Jibu: Gemu haikamui kori zote muda wote, kaka. Kama ulipandisha spidi ya prosesa irudishe ya kiwandani, na RAM kama umewasha XMP (ya kuipandisha spidi) kwenye BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka, izime ujaribu. Ikiendelea pima RAM kwa MemTest86 iache usiku mzima.

Swali: Nyuzi 85 usiku kucha inaua mashine?
Jibu: Prosesa haifi, iko ndani ya kikomo. Ila betri haipendi joto kabisa, kama mashine yako ina sehemu ya kuzuia chaji isizidi 80 iwashe.

Swali: Naweza kuweka laptopu juu ya kitambaa chenye barafu? Feni yangu ni mbovu.
Jibu: Hapana dada, usijaribu! Unyevu wa hewa unageuka matone ndani ya mashine na bodi inapiga shoti. Badilisha feni kwanza, kwa sasa tumia thredi moja tu.

Swali: Kwenye simu je?
Jibu: Simu haina feni, dakika chache tu inapunguza spidi. Weka thredi 2, toa kava, usichaji wakati inachambua, na tumia kwa kucheki nafasi mojamoja, sio kukesha nayo.