Namna ya Kupima Faida na Hasara za Biashara Inayozalisha Taka

Kila panapopendekezwa kuzuia biashara inayozalisha taka, wenye viwanda hutangulia na hoja ya ajira na kodi, nayo haifai kupuuzwa. Kabla ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, chama cha wenye viwanda, KAM, kilionya kwamba kampuni 176 zingefungwa na watu 60,000 wangepoteza kazi. Yaandike madai ya namna hiyo kama yalivyo, kisha uyachambue: wangapi wameajiriwa kiwandani, wangapi ni wachuuzi wanaouza mifuko pamoja na bidhaa nyingine, na wangapi wanaweza kuhamia kwenye utengenezaji wa mbadala, kwa kuwa unga na sukari bado vitahitaji kubebwa. Atakayebaki bila kazi kabisa ahesabiwe kikamilifu, maana hasara yake ni ya papo hapo.

Baada ya hapo tafuta gharama zisizoandikwa katika vitabu vya kiwanda, na hapa ndipo penye kazi kubwa. Mfuko uliotumika kwa dakika chache huziba mtaro, na mvua ikinyesha maji huingia nyumbani kwa mtu ambaye pengine hakuununua. Katika machinjio ya Nairobi walionekana ng'ombe wenye mifuko hata 20 tumboni. Kwa kila dhara, uliza ni nani anayelilipia: halmashauri, mfugaji, au mvuvi? Pasipo na bei ya sokoni, tumia gharama ya kurekebisha, yaani ujira wa wazibuaji wa mitaro, mafuta ya lori la taka na thamani ya mnyama aliyekufa. Usiandike sifuri kwa sababu tu kiasi hakijulikani. Sifuri nayo ni makadirio, tena yaliyo mbali zaidi na ukweli.

Kisha linganisha na mbadala uliopo. Uchunguzi wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mfuko wa pamba hauna budi kutumika mara 131 ndipo mchango wake katika ongezeko la joto duniani ushuke chini ya ule wa mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Kipimo hicho hakikuhusu taka zinazozagaa, kwa hiyo hakiwatoshi wanaotaka plastiki irudi, lakini kinatulazimisha kuuliza mbadala utatumika mara ngapi. Mifuko inayofanana na kitambaa iliyoenea Kenya na Tanzania baada ya marufuku hutengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki pia. Ikichanika baada ya kwenda sokoni mara mbili, nayo iandikwe upande wa hasara.