Kuonyesha filamu ya Apollo 13 shuleni Moshi, pamoja na zoezi la chujio

Filamu hii ya Ron Howard ya mwaka 1995 ina dakika 140. Inasimulia safari ya kweli ya mwezini ya 1970: tangi la oksijeni lililipuka njiani, na wanaanga watatu wakalazimika kuunda chujio la hewa kwa vitu walivyokuwa navyo. Moshi, ukianza saa moja na robo usiku giza likiwa limeshaingia, utamaliza saa tatu na nusu na ushee, kwa hiyo inafaa zaidi shule ya bweni.

Zoezi lifanyike mchana, kabla ya filamu. Wanafunzi wakishaliona jibu kwenye skrini watanakili tu, na faida yote imepotea.

Kila kundi la watu wanne lipe kopo la plastiki la pembe nne la lita 1, kitako kikiwa kimetobolewa matundu kama 20 kwa msumari wa moto; pamba ya kulijaza; mpira wa maji wa nusu inchi, sentimita 50; jalada la kauntabuku; soksi moja; tepu pana mita 2, basi; na mfuko wa mkate (mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 2019). Sharti ni moja: hewa yote inayovutwa kwa mpira ipite kwenye pamba. Wape dakika 40.

Karibu kila kundi litavalisha mfuko kwenye mdomo wa kopo, lichomeke mpira, livute. Hapo mfuko unanywea na kuziba mpira. Usiwaambie dawa yake. Jalada likikunjwa upinde na kuwekwa ndani ya mfuko, linauzuia usinywee; wanaanga walifanya vivyo hivyo kwa majalada ya vitabu vyao vya maelekezo. Kosa la pili ni kuvuja pembeni, tepu inapojikunja. Ziba matundu ya kitako kwa kiganja, paka povu la sabuni kwenye maungio, puliza: povu litaonyesha, kama kwa fundi pancha. Osha mpira kila anapobadilika mvutaji.

Kisha waeleze kisa. Chombo cha kutua mwezini kiliundiwa watu 2 kwa takriban siku 2; baada ya mlipuko kuharibu chombo kikuu, wanaanga Lovell, Swigert na Haise wakakitegemea karibu siku 4. Kabonidayoksaidi ikapanda, na makopo ya akiba ya lithiamu haidroksaidi (dawa inayonasa gesi hiyo), yaliyotoka chombo kikuu, yalikuwa ya mraba, ilhali matundu ya chombo cha kutua yalikuwa ya mviringo.

Chanzo cha mlipuko filamu inakigusa harakaharaka mwishoni, hivyo kiandike ubaoni. Swichi za joto ndani ya tangi la oksijeni zilikuwa za volti 28. Kwenye majaribio ardhini zikapewa 65, zikagandamana. Joto likapanda mno, ganda la nyaya likaungua. Tarehe 13 Aprili 1970 feni za tangi zilipowashwa, cheche ikatoka.

Kwa skrini, kunja shuka jeupe mara mbili na upitishe bomba kwenye pindo la chini, maana usiku upepo hushuka kutoka mlimani. Washa maandishi ya Kiingereza. Mazungumzo ya redio huwapita wengi. Jenereta ikae mita 20 nyuma ya jengo, la sivyo itameza sauti. Umeme ukikatika, acha projekta ya taa ipoe dakika chache kabla ya kuiwasha tena.