Kasha la njumu: namna ya kulikagua kabla ya kutoa fedha

Makasha mengi yanayoitwa "ya Zanzibar" hayakutengenezwa Zanzibar. Yalitoka India ya magharibi, pande za Surat, Bombay na pwani ya Malabar, yakaja na majahazi ya kaskazi. Mengine yalitoka bandari za Ghuba. Leo utayakuta Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa, na pia katika soko la Muttrah huko Oman, ambako huitwa mandusi. Karibu nayo yamepangwa makasha mapya, kazi ya mafundi wa Unguja na wa India. Kasha jipya lililoundwa vizuri ni fanicha ya heshima. Tatizo ni kulipa bei ya kitu cha karne ya 19 kwa kitu cha mwaka jana.

Wauzaji hutumia majina matatu. "Surat" ni kasha la msaji (mtiki) lililofunikwa kwa mabamba ya shaba na njumu nyingi (misumari ya shaba yenye vichwa vya mapambo) zilizopangwa kwa maumbo. "Shirazi" mara nyingi ni la mbao nzito nyekundu ya sesemi, na mabamba yake yamekatwa kwa nakshi. "Bombay" huchongwa mbao yenyewe, shaba ikawa kidogo tu. Majina haya yanaeleza mtindo, hayathibitishi mji. Mtu akikwambia "hili ni Surat halisi", bado hajakwambia lina umri gani.

Nenda na tochi ndogo, sumaku, futi kamba, lenzi ya kukuzia na kitambaa cheupe. Nenda mchana, omba kasha litolewe ukutani, na omba droo zote zitolewe kabisa. Muuzaji akikataa kuligeuza, usinunue.

Anza chini, usianze na uso. Uso ndio unaong'arishwa na kutiwa njumu mpya. Chini hakuna anayejisumbua. Mbao ya zamani ambayo haikupakwa kitu huwa na rangi kavu ya kahawia inayoelekea kijivu, tena isiyo sawasawa: imekolea pembezoni palipopitwa na hewa na mikono, imefifia palipojificha nyuma ya miguu. Rangi nyeusi iliyo sawa kila mahali, mpaka ndani ya kona, ni rangi ya kupaka. Lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti kidogo, usugue mahali pamoja chini. Kikitoka na hudhurungi nyingi, ujue mbao imepakwa. Usifanye hivyo juu ya uso wenye vanishi, maana vanishi ya zamani nayo huyeyuka kwa spiriti na utaacha alama.

Tazama pia alama za msumeno. Za msumeno wa mkono ni mistari iliyonyooka lakini inayoyumba kidogo, na nafasi zake hazilingani. Mistari ya upinde, kama sehemu ya duara, ni dalili ya mashine. Plaiwudi kwenye sakafu ya droo au mgongoni ni matengenezo ya karne ya 20, au ni kasha jipya zima. Skrubu zenye kichwa cha msalaba hazikuwepo kabla ya miaka ya 1930. Skrubu moja kama hiyo kwenye bawaba haiharibu thamani sana, kwani bawaba hubadilishwa, lakini zikiwa ndizo zinazoshikilia mwili wa kasha, hadithi imekwisha.

Sasa droo. Makasha mengi yana droo mbili au tatu chini. Droo iliyovutwa kwa miongo imelika: kingo za chini za mbavu zake zimekuwa laini na zimepungua, na ndani ya kasha pana mfereji unaolingana na ulaji huo. Uso uliojaa mikwaruzo juu ya droo ambazo mbavu zake bado ni kali kama zimetoka kwenye randa ni mikwaruzo ya makusudi. Ndani, kwa kawaida upande wa kushoto, pana kisanduku kidogo chenye kifuniko chake. Kipime kina: kikiwa kifupi kuliko nafasi inayoonekana chini yake, huenda pana sehemu ya siri. Kagua bawaba ya kifuniko hicho, kwa sababu waghushi wengi husahau kukichakaza.

Njumu zinahitaji muda zaidi. Funua kifuniko, uangaze tochi kwa ndani, upande ule ambao ncha za misumari zimetokea au zimekunjwa. Shina la njumu ya zamani lilitengenezwa kwa mkono, hivyo huwa na pembepembe na unene usio sawa. Shina la duara lililo sawa tangu mwanzo hadi ncha ni la waya wa kiwandani. Tafuta tundu la njumu iliyokwisha kudondoka. Ndani ya tundu la zamani ni peusi, na kingo zake zimelainika. La jipya lina nyuzi za mbao zenye rangi hai. Kisha geukia nje. Kusafisha shaba kwa miaka mingi huacha duara la uchafu mkavu kuzunguka kila njumu, na juu ya kichwa chake huwa pamelika. Njumu mpya zilizotiwa dawa ya kuchakaza huwa na ukungu wa kijani ulio sawa, hata juu ya kichwa, pale ambapo kitambaa kingepita kwanza.

Pitisha sumaku juu ya mabamba. Shaba haivutwi, bamba likivutwa ni chuma kilichopakwa. Lakini usilihukumu kasha kwa misumari ya chuma iliyo chini ya bamba, maana mafundi wa zamani waliitumia.

Mbao hupungua kwa upana wake, si kwa urefu. Kwa hiyo kifuniko kipana cha zamani mara nyingi kina ufa unaofuata nyuzi, na bamba lililogongomelewa kukatiza nyuzi hizo limeinuka au limekunjamana. Ufa huo usikutishe. Cha kutisha ni kasha la kuungwa: uso wa zamani kwenye mwili mpya. Linganisha rangi ya ndani ya mbao za mbele, ubavu na mgongo, na uangalie kama mstari wa njumu umekatwa ghafla kwenye kona. Miguu ichukulie kwa upole. Mara nyingi huwa imetengwa na mwili, na hupotea.

Kabla ya kulisafirisha, uliza sheria. Kenya, kwa sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa nchini au kilichoingizwa kabla ya 1895 ni cha kale na kinahitaji kibali ili kitolewe nchini. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo inalinda pia milango ya kuchonga. Zanzibar ina mamlaka yake. Sesemi imo katika orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini), kwa hiyo kasha la mbao hiyo linaweza kuhitaji karatasi za ziada. Lenye pembe ya ndovu liache.

Ukilifikisha nyumbani, tandika karatasi nyeusi chini yake kwa wiki mbili. Unga mpya unaodondoka maana yake dumuzi wako kazini. Msaji huwashinda kwa kiasi kikubwa, ila viraka na sakafu za droo za mbao laini huliwa, basi anzia hapo.

Usisafishe shaba kwa ndimu na majivu. Vyombo vya jikoni huvumilia, kasha halivumilii: asidi hupenya chini ya bamba, hukutana na msumari wa chuma, na msaji hupata doa jeusi lisilotoka. Tumia dawa ya shaba kidogo mno kwenye kitambaa, ukikinga mbao kwa kadi iliyotobolewa ukubwa wa njumu. Mbao ipake nta ya nyuki mara moja au mbili kwa mwaka.

Liinue sentimita chache kutoka sakafuni, mbali na upepo wa kiyoyozi. Kasha lililozoea unyevu wa pwani hupasuka upesi kwenye chumba kikavu. Na msilibebe kwa pete za ubavuni, kwa sababu tumbuu zake (vishikizo vinavyozishika) hung'oka na kipande cha mbao. Toeni droo, shikeni chini, watu wawili au wanne.