Kabla hujamleta rafiki yako mgeni nyumbani, yaweke sawa haya

Kama unasoma SUZA, chuo kikuu cha taifa hapa Zanzibar, au unakaa mjini ushakutana nao, wale wanafunzi wa Marekani, Ujerumani, Japani wanaokuja kusoma Kiswahili miezi mitatu minne kisha wanarudi kwao. Wengi wana hamu kweli ya kupata rafiki mwenyeji, sio mtu wa kuwauzia safari ya baharini, rafiki khasa. Na sisi kwa ukarimu wetu siku ya pili tu ushamwambia twende kwetu, hujamuuliza kitu na nyumbani hujasema kitu.

Mie yamenikuta. Nilimleta rafiki yangu Mjerumani siku ya Ijumaa, mama kapika pilau, sinia lipo mkekani na sote tumelizunguka. Mama akawa anafanya kama wanavyofanya mama zetu wote, anachambua vinofu vya nyama anavisogeza upande wa mgeni. Yule dada anakula wali tu, nyama inarundikana mbele yake, mama anazidi kumsogezea anadhani anaona haya, mwisho akala vipande viwili macho yamemjaa machozi. Kumbe hali nyama tangu mdogo na alichelea kumvunjia heshima mama! Mama alipojua alisononeka wiki nzima, na kosa ni langu, maana swali moja tu lingetosha. Kwa hiyo uliza mapema, na uliza kwa kutaja vitu, nyama, karanga, pweza, kamba, maziwa, kwa sababu kuna wengine sio kuchagua chakula, wana aleji, na kipande cha kashata ya karanga kinaweza kumfikisha hospitali. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa au ya chupa.

Saa nayo inatesa watu. Ukimwandikia "njoo saa nane" yeye anaweza kusoma nane ya kwao, ambayo kwetu ni saa mbili asubuhi, basi atapiga hodi watu bado wanafagia uwani. Andika 14:00, yameisha.

Mavazi na viatu mwambie kabla, mkiwa wawili, sio pale mlangoni mbele ya watu. Kwamba viatu vinavuliwa, kwamba kula na kupokea kitu ni kwa mkono wa kulia, kwamba kwenye sinia kila mtu anakula upande wake hatumbukizi mkono katikati. Kama hana nguo ndefu mpelekee kanga, wanazipenda sana. Na shikamoo mfundishe inaendaje, maana wengi wanampa kila mtu hata mtoto wa skuli, na wakipewa wao hawajui kusema marahaba.

Angalia na kalenda. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo huenda imeangukia katikati ya masomo yake, na haitoshi kumwambia tumefunga, mweleze kuwa mchana asile wala asinywe maji njiani, halafu mwalike futari, hapo ndo atatuelewa zaidi kuliko darasani.

Ila kazi kubwa kwa maoni yangu sio kumtayarisha mgeni, ni kuwatayarisha watu wa nyumbani. Kaa na shangazi zako uwaambie wasimwambie "umenenepa", kwetu ni sifa, yeye atalia chumbani. Wasimuulize kwa nini hajaolewa. Akisema "hapana, asante" ndo ashakataa hivyo, hangoji abembelezwe mara tatu. Akijifungia chumbani saa nzima hajakasirika, anapumzika. Na akijikwaa ukamwambia "pole" akakujibu sio kosa lako, usishangae, anadhani umemuomba msamaha.

Kama wewe ni kijana wa kiume na mgeni ni msichana, tafadhali mwambie mama kabla, na aje pamoja na dada yako. Majirani wanaona, na maneno yatakayosemwa yatabaki na yeye mtaani akishuka kwenye daladala peke yake.

Kuhusu lugha mvumilie. Anachosoma ni Kiswahili sanifu, na ijapokuwa hicho sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini, ukimpeleka Makunduchi, kusini ya Unguja, au ukavuka naye kwenda Wete kule Pemba, atahisi hajasoma chochote. Mwambie mapema asivunjike moyo, na ongea naye Kiswahili, usikimbilie Kiingereza, ndo kilichomleta.

Yule dada alirudi kwetu baada ya wiki mbili. Hata hajamaliza kuvua viatu mama kashamshika mkono anamwambia, "Mwanangu, leo mbaazi za nazi na maandazi, nyama hakuna hata harufu." Alikula mpaka akaomba za kuondoka nazo.