Kabla ya kupandikiza konea kwa wanyama wa maabara: amua mapema utaitambuaje dalili ya kukataliwa

Kabla panya wa kwanza hajalazwa mezani ili apandikizwe konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, andika majibu ya maswali matatu: utasema pandikizi limekataliwa ukiona nini, kuanzia siku ya ngapi, na nani atakayesema? Maabara nyingi huhangaika kwanza na mshono. Si ajabu, maana konea ya panya mdogo ina unene wa takribani sehemu ya kumi ya milimita, na uzi wenyewe hauonekani vizuri bila darubini. Suala la utambuzi huachwa lijitatue mbele ya safari. Halijitatui. Jicho likishaingia ukungu wiki ya tatu, nawe unajua mnyama yumo kundi lipi, muda wa kutunga kanuni umekwisha.

Ugumu unatokana na ukweli kwamba ukungu una sababu nyingi. Konea hubaki angavu kwa sababu tabaka lake la ndani kabisa, endothelia, huondoa maji bila kupumzika. Mkasi ukilijeruhi tabaka hilo, konea huvimba na kuwa nyeupe. Kidonda kikivuja na chemba ya mbele, yaani nafasi yenye maji nyuma ya konea, ikalala, huwa nyeupe. Bakteria wakiingia, vivyo hivyo. Kinga ya mwili ikizishambulia seli za mtoaji, matokeo kwa macho ni yale yale. Tofauti kubwa iko kwenye wakati: ukungu wa upasuaji huja mapema na kwa kawaida hupungua, ilhali wa kukataliwa huja kwa pandikizi ambalo tayari lilikuwa limetulia. Ndiyo maana siku zako za kwanza za kuangalia ni muhimu kuliko zinavyoonekana. Usiporekodi kwamba pandikizi liliwahi kuwa safi, baadaye huna cha kulinganisha.

Kwa panya wadogo, vipimo vinavyotumika sana vinatokana na kazi ya Sonoda na Streilein ya mwaka 1992. Alama ni 0 hadi 5. Sifuri ni konea safi. 1 ni ukungu hafifu wa juujuu. 2 ni ukungu uliozama kidogo, lakini ukingo wa mboni na mishipa ya irisi (duara la rangi linaloizunguka mboni) bado vinaonekana. 3 ni pale unapobaki na ukingo wa mboni tu. 4, unaiona chemba ya mbele kwa shida. 5, huoni chochote nyuma ya konea. Kwa kawaida pandikizi lenye alama 2 au zaidi baada ya wiki tatu huhesabiwa limekataliwa. Mimi huongeza sharti moja: alama hiyo ijirudie kwenye uchunguzi unaofuata, kwa sababu jicho lililokaushwa na nusukaputi linaweza kupata 2 leo na kesho kutwa likarudi 1.

Zingatia kwamba mpaka kati ya 2 na 3 unategemea mishipa ya irisi. Kwa kawaida konea hutolewa kwa C57BL/6 na kupandikizwa kwa BALB/c, ambazo ni aina mbili za panya wa maabara. Kwa BALB/c, ambaye ni mweupe na macho mekundu, mishipa hiyo huonekana kama nyuzi za waridi. Ukigeuza mpangilio ukamfanya C57BL/6 awe mpokeaji, irisi yake ni nyeusi na kipimo hicho hakisomeki vilevile. Piga picha za mfano za kila alama kwa aina ya panya utakayemtumia, uzibandike karibu na darubini, kisha wachunguzi wawili wazipatie alama picha zile zile bila kushauriana. Wakitofautiana mara kwa mara, bado hamjawa tayari.

Chagua wanyama kwa jicho la mchunguzi pia. C57BL/6 huzaliwa mara nyingine na jicho dogo lenye kasoro, na BALB/c wengine hujipatia chokaa kwenye konea bila kuguswa na mtu. Kagua macho yote mawili kabla ya kumwingiza mnyama kwenye orodha. Jinsia nayo iamuliwe mapema: konea ya dume kwa jike huongeza tofauti nyingine ya kinga ambayo huenda hukuikusudia, na madume waliowekwa pamoja hupigana na kukwaruzana usoni. Matandiko machafu hutoa amonia inayowasha macho, kwa hiyo ratiba ya kuyabadilisha iwe moja kwa vizimba vyote.

Lazima pawe na kundi la mapandikizi kutoka kwa ndugu wa damu moja, BALB/c kwa BALB/c. Kundi hili hupitia kisu kile kile bila sababu ya kukataa. Ukungu wake ndio kiasi cha madhara ya mikono yako. Nikiona ripoti isiyo na kundi hili huwa siendelei kuisoma kwa imani kubwa.

Ukifanya kazi na sungura, kumbuka kuwa endothelia yake hujigawa na kujaza pengo, jambo ambalo ya binadamu hushindwa. Pandikizi la sungura linaweza kung'aa tena baada ya shambulio na kukudanganya. Faida yake ni ukubwa: kwa sungura unaweza kuuona mstari wa chembechembe ukitambaa kwenye uso wa ndani, nyuma yake kukiwa na uvimbe na mbele yake kukiwa bado safi. Mstari huo umepewa jina la Khodadoust, ambaye pamoja na Silverstein mwaka 1969 walionyesha kwa sungura kwamba tabaka za konea zinaweza kukataliwa kila moja peke yake. Kwa panya mdogo usiutegemee; ni nadra kuonekana.

Mishipa mipya ya damu irekodiwe kwenye safu yake, isichanganywe na ukungu. Nyuzi za mshono zenyewe huivuta mishipa iote, ndiyo maana kwa panya hutolewa karibu siku ya 7. Uzi uliolegea uandikwe siku uliolegea.

Sasa dawa. Soma lebo ya marhamu ya antibiotiki: nyingi huchanganywa na deksamethasoni, na steroidi hiyo itaizuia kinga unayotaka kuipima. Dawa ya maumivu haikwepeki, ila iwe ile ile, kwa kipimo kile kile, kwa makundi yote. Kupima maumivu kwa sura ya uso kuna mtego wake: kufumba jicho ni mojawapo ya dalili zinazohesabiwa, na jicho lililoshonwa litafumba tu. Angalia zaidi masikio, mgongo, ulaji na uzito. Jicho moja tu la mnyama ndilo lifanyiwe upasuaji, na kikomo cha kumwondoa mnyama kiidhinishwe na kamati ya maadili kabla ya siku ya kwanza.

Kuhusu nusukaputi wakati wa uchunguzi: ketamini na zailazini humwacha panya macho wazi, konea hukauka, na lenzi yenyewe inaweza kuwa nyeupe kwa muda. Anayeangalia haraka ataandika ukungu wa konea kumbe anaona lenzi. Lowesha jicho mara tu mnyama anapolala, lifute taratibu, kisha angalia kwa mwale mwembamba wa pembeni. Mwale huo utakuonyesha weupe uko mbele au nyuma ya mboni. Panga uchunguzi mara mbili kwa wiki hadi wiki ya 8. Ukiangalia mara moja tu, tarehe ya kukataliwa inakuwa ya kukisia ndani ya siku saba, na mchoro wa uhai wa mapandikizi unapoteza makali.

Orodha ya kuondoa wanyama pia iandikwe mapema: damu kujaa chemba ya mbele, mtoto wa jicho uliosababishwa na upasuaji, irisi kunata kwenye kidonda, maambukizi. Weka siku ya mwisho ya kumwondoa mnyama kwa sababu hizo, na utaje idadi yao kwenye matokeo. Mnyama atakayekufa baadaye pandikizi likiwa safi, pandikizi lake lisihesabiwe kuwa limekataliwa. Anatoka kwenye hesabu siku hiyo.

Mwisho, amua tishu itakwenda wapi. Kipande cha milimita 2 hakitoshi kukatwa kwa histolojia (kuangalia tishu kwa darubini) na wakati huohuo kusagwa ili kuhesabu seli T, ambazo ni seli za kinga, hivyo gawa wanyama tangu mwanzo. Chupa za dawa unazojaribu ziwe na namba za siri badala ya majina ya makundi. Ufunguo wa namba hizo ushikwe na mtu asiyepima macho, ila apatikane kwa simu usiku na mchana, kwa sababu mnyama akizidiwa, daktari wa wanyama atahitaji kujua amepewa nini.